Kampuni inalidai jina la programu yetu huria: tuliachie au tuling'ang'anie?

Swali

"Shikamoo wakili. Mimi na wenzangu watatu tupo Tanga mjini. Mwaka 2019 tulianza kutengeneza programu ya simu ya kuandikia samaki wanaoshushwa mwaloni: aina, uzito, chombo, bei ya mnadani. Inafanya kazi bila intaneti, na makatibu wa BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni) wanaitumia Sahare, Tongoni, Kigombe, hadi Kipumbwi kule Pangani. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, upo wazi GitHub, ghala la mtandaoni la misimbo, kwa leseni ya MIT na hatuuzi. Mwaka 2021 tulisajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ili shirika moja liweze kutulipa kwa kuwafundisha makatibu. Wiki iliyopita nimepokea barua ya wakili wa kampuni ya Dar es Salaam. Wanasema jina la programu yetu ni alama yao ya biashara, waliisajili mwaka 2022. Wao wanauza mfumo wa mauzo kwa wenye maduka na vyumba vya baridi vya samaki. Wanataka ndani ya siku 14 tuache kulitumia, tuwakabidhi anwani ya tovuti na akaunti ya GitHub, na tulipe fidia. Mwenzangu mmoja anasema tuwapuuze, kwa sababu hatuuzi kitu, leseni yetu inaruhusu kila jambo, na jina lenyewe ni neno la Kiswahili la wavuvi wote. Mwingine anasema tuongeze neno 'Huria' mbele yake, yaishe. Kuna pia kijana wa Mombasa aliyechukua msimbo wetu na anausambaza kwa jina hilohilo. Kazi hii tumeifanya kwa miaka na roho inaniuma. Sheria iko upande wa nani? Jina halisi naomba usilitaje."

Jibu

Marahaba, mwanangu. Jina nimelificha kama ulivyoomba. Humu nitaiita programu yenu Dema, yaani mtego wa samaki, maana nalo ni neno la wavuvi na litatosha kwa maelezo.

Naona una hofu mbili zilizofungwa fundo moja, na nataka tuzifungue. Unahofia kunyang'anywa kazi, na unahofia kunyang'anywa jina. Ya kwanza iondoe moyoni leo. Hakuna haki ya alama ya biashara inayoweza kuwapokonya msimbo mliouandika wenyewe. Hata jina likibadilika kesho, kila mstari utabaki kuwa wenu, na katibu wa Kigombe ataendelea kuandika changu na pweza wake kama jana. Ya pili ina msingi, na ndiyo ya kushughulikia kwa utulivu. Msipuuze barua ile. Na msikabidhi chochote kwa sababu tu imeandikwa kwa ukali.

Nianze na leseni, kwa kuwa kosa la mwenzako ni kosa la watengenezaji wengi wa programu huria ninaokutana nao. Leseni ya MIT ni ruhusa ya hakimiliki: inamruhusu mtu kunakili, kurekebisha na kusambaza msimbo wenu. Alama ya biashara ni haki nyingine, ina sheria yake, na leseni ya MIT haiitaji kwa neno hata moja. Leseni nyingine ya programu huria, Apache 2.0, imelisema wazi katika kifungu cha 6: haimpi mtu ruhusa ya kutumia majina na alama za mtoa leseni, isipokuwa kwa kiasi cha kawaida cha kueleza msimbo umetoka wapi. Tena leseni ni ruhusa mnayowapa wengine juu ya mali yenu. Haiwezi kuwapa ninyi ruhusa juu ya mali ya mtu mwingine. Fundi akikuonyesha kielelezo cha ngalawa yake na kukuruhusu uchonge kama ile, ngalawa utakayochonga ni yako. Hakukuruhusu kuiandika ubavuni jina la chombo chake na kwenda nayo mnadani Deep Sea kwa wachuuzi wanaolijua jina lile.

Jambo hili lilishawagusa wakubwa. Mwaka 2006 Mozilla iliwaambia watu wa Debian, mradi wa kujitolea unaokusanya na kusambaza programu huria, kwamba wakiendelea kurekebisha kivinjari cha Firefox bila idhini yake hawawezi kukiita Firefox. Msimbo walikuwa huru nao, jina hawakuwa huru nalo. Debian wakakiita Iceweasel, na wakaendelea hivyo mpaka mwaka 2016 pande mbili zilipoelewana. Kwa miaka kumi watu walitumia kivinjari kilekile kwa jina jingine, na hakuna aliyepoteza programu.

Sasa, alama ya biashara inalinda nini hasa? Wengi hudhani inamfanya mtu awe mmiliki wa neno. Sivyo. Inalinda uhusiano kati ya neno na chanzo cha bidhaa fulani, ili mnunuzi anapoliona jina ajue anayempa fedha ni nani. Kwa hiyo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, haiulizi "neno hili ni la nani?" Inauliza: je, watu wa kawaida wanaonunua au kutumia vitu vya aina hii wanaweza kudhani kwamba hivi viwili vimetoka kwa mtu mmoja? Hapo hutazamwa jina linavyoonekana, linavyotamkwa, maana yake, aina ya bidhaa, na watu wanaolengwa. Ndiyo maana kila alama husajiliwa kwa madaraja maalumu ya bidhaa na huduma. Yako 45 kwa jumla. Programu za kompyuta huangukia zaidi daraja la 9, na huduma za kutengeneza na kuendesha programu daraja la 42. Aliyesajili Dema kwa ajili ya maji ya kunywa hana cha kuwaambia ninyi. Aliyesajili kwa daraja la 9 anacho.

Nitakuambia ukweli hata kama hautakufurahisha: kwa kipimo hicho, mfanano wenu uko karibu. Wao ni programu, ninyi ni programu. Wao ni samaki, ninyi ni samaki. Mteja wao ni mwenye chumba cha baridi, wenu ni katibu wa BMU, nao ni watu wawili tofauti; lakini hukutana mnada uleule, na shirika linalotaka kufadhili linaweza kabisa kuwachanganya. Hoja ya kwamba wateja hawafanani mtaitoa, na ina uzito wake, ila msiitegemee peke yake.

Je, neno la Kiswahili la wavuvi wote linaweza kumilikiwa na kampuni moja? Inategemea limebandikwa kwenye kitu gani. Wakenya walipopinga, maombi ya kampuni moja ya Uingereza ya kusajili jina la kikoi kule Uingereza yalikwama, na ilistahili iwe hivyo, kwa sababu kikoi ni jina la vazi lenyewe na kila mfumaji analihitaji. Lakini Disney walipata usajili wa maneno Hakuna Matata nchini Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi, na makelele yote yaliyopigwa baadaye hayakubadili kanuni iliyowapa: maneno yale si jina la fulana. Kampuni ile ingesajili Dema kwa ajili ya madema ya kuvulia, ningekwenda kuwapinga mwenyewe. Kwa programu ya kompyuta, dema ni neno lisiloeleza bidhaa, na jina la namna hiyo ndilo sheria hulilinda vizuri. Hili ni jambo chungu kwetu watu wa pwani, kuona maneno ya kazi za wazee wetu yakiandikwa kwenye vyeti vya watu. Nalielewa na linaniuma. Ila kumjibu wakili wao kwa uchungu huo hakutawasaidia.

"Hatuuzi" nayo haitawafikisha mbali. Sheria hutazama matumizi katika shughuli za kibiashara, na kugawa programu bure si lazima kukutoe humo. Kwenu ni wazi zaidi: shirika limewalipa kufundisha, na mmepokea malipo hayo kwa jina hilohilo. Miradi mingi huria haijawahi kuuza hata nakala moja na bado imebadilishwa jina. Programu ya kutumiana ujumbe iliyoitwa Gaim, iliyogawiwa bure na watu wa kujitolea, ilisumbuana na AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, kwa muda mrefu juu ya jina, hadi mwaka 2007 ikawa Pidgin. Lililowaumiza zaidi ni kusubiri: toleo lao la 2.0 lilikwama huku mazungumzo yakiendelea, kwa sababu hawakuweza kulitoa rasmi kwa jina lenye mgogoro. Mradi wa watu wanne hauhimili kungoja kwa namna hiyo.

Cheti chenu cha jina la biashara cha mwaka 2021, mwanangu, hakiwapi haki ya kumzuia mtu wala ngao dhidi ya alama iliyosajiliwa. Watu huchanganywa kwa kuwa BRELA ndiyo inayosajili vyote viwili. Jina la biashara linaijulisha serikali nani anafanya shughuli hiyo, basi. Na kuna jambo jingine ambalo huenda hamkuambiwa: jina la biashara halitengenezi mtu wa kisheria tofauti na ninyi. Mkidaiwa, mnadaiwa wenyewe, kwa majina yenu na mifuko yenu. Cheti kile kina faida moja kwenye kesi hii, nayo ni tarehe. Kinaonyesha kwamba mwaka mmoja kabla ya usajili wao mlikuwa mnatumia jina mbele ya mamlaka ileile.

Hapo ndipo penye nguvu yenu. Mlianza 2019, wao wamesajili 2022. Usajili ndio unaompa mtu haki ya pekee chini ya Sura ya 326, kwa hiyo si kweli kwamba aliyetangulia kutumia ndiye mshindi moja kwa moja. Lakini matumizi ya kweli yaliyotangulia si bure. Yanaweza kuwa msingi wa kuomba usajili wao ufutwe au urekebishwe, yanaweza kuwa utetezi, na zaidi ya yote yanamfanya wakili wa upande wa pili apunguze sauti. Kila ombi la alama hutangazwa kwenye jarida la BRELA, na mtu ana siku 60 za kulipinga kabla halijasajiliwa. Hamkuliona tangazo, kama wengi wasivyoliona, na dirisha lile limefungwa. Njia ya kuomba kufutwa bado ipo, ila ni ndefu na ya gharama.

Kwa hiyo kazi yenu ya wiki hii, kabla ya kuandika neno lolote, ni kukusanya ushahidi. Mwaka 2013 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno Python kama alama yake Ulaya, kwa mambo ya programu na seva. Taasisi inayosimamia lugha ya kuandikia programu iitwayo Python iliwaomba watumiaji wa Ulaya walete kila kinachoonyesha jina hilo likitumika kwao kwa lugha ile: barua za makampuni, picha za vitabu, matangazo ya kazi, ratiba za mafunzo. Kampuni ile iliondoa ombi lake ndani ya wiki chache. Ninyi fanyeni vivyo hivyo kwa udogo wenu. Angalizo moja la kitaalamu: msitegemee tarehe za Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, pekee. Tarehe ya badiliko ndani ya Git inawekwa na kompyuta ya aliyeandika na inaweza kupangwa atakavyo. Wakili anayejua kazi yake atalisema hilo. Tafuteni tarehe zinazoshikwa na mtu mwingine: siku toleo lilipotangazwa GitHub, kumbukumbu za Google Play, nakala za tovuti yenu zilizohifadhiwa na Internet Archive, barua pepe na shirika lililowalipa, karatasi za mahudhurio ya mafunzo zenye sahihi za makatibu wa Tongoni na Kipumbwi. Karatasi moja ya mahudhurio ya 2020 yenye jina Dema juu yake na sahihi ishirini chini ina thamani kuliko maneno yangu yote humu.

Wakati mnakusanya, hakikisheni madai yao. Omba namba ya usajili, tarehe ya maombi, madaraja, na orodha ya bidhaa, kisha mtafute wenyewe kwenye mfumo wa usajili wa BRELA ulioko mtandaoni. Nimeona barua zenye kujiamini sana ambazo nyuma yake kulikuwa na ombi ambalo halijakubaliwa, au usajili wa daraja lisilohusika kabisa. Angalieni pia kama bado uko hai: usajili wa Tanzania Bara hudumu miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Wa 2022 haujaisha, ila mazoea ya kukagua ni mazoea mazuri. Na fahamuni kwamba usajili wa Bara hauvuki maji. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake wa usajili wa biashara na mali, BPRA. Kama makatibu wa Wete wanaitumia Dema, alama ya Bara peke yake haiwafikii.

Jibuni barua kabla ya siku 14 kwisha. Siku hizo si za sheria, ni za mwandishi wa barua. Lakini ukimya husomeka kama ukaidi, na siku mkifika mbele ya jaji mtataka kuonekana watu waungwana. Jibu liwe fupi: tumepokea barua yenu, bila kukiri dai lolote, tunaomba nakala ya cheti na orodha ya bidhaa, tumetumia jina hili tangu 2019 na tuna ushahidi, tunaomba siku 30 na tuko tayari kukutana. Msieleze historia yenu yote, msilaumu, na msimwandike mtu vibaya kwenye mitandao. Najua jinsi watu wa programu huria wanavyoweza kujaa kwenye ukurasa wa kampuni kwa usiku mmoja. Maneno ya hasira yakishasambaa, kampuni iliyokuwa tayari kuelewana huona haya kurudi nyuma, na wakili wake anakuwa na karatasi za kuambatanisha. Msifute chochote pia. Kufuta kurasa za zamani ni kuchoma ushahidi wenu wenyewe.

Kuhusu madai yao, yapimeni moja moja. Kuacha jina ni dai la kawaida. Fidia kwa programu isiyouzwa ni dai la kujadiliwa, na mara nyingi huachwa pande zikielewana. Anwani ya tovuti inaweza kuwa sehemu ya maelewano, kwa masharti, tuseme mbaki nayo mwaka mzima ikiwaelekeza watu kwenye jina jipya. Akaunti ya GitHub msikabidhi kabisa. Mle ndani mna msimbo, majina ya wachangiaji, mazungumzo ya miaka. Si jina tupu. Msitie sahihi karatasi yoyote yenye maneno ya kuhamisha hakimiliki, hata kama yamejificha katikati ya kifungu kingine. Jueni pia kwamba pale mnapohifadhi vitu vyenu kuna kanuni zake. Mwaka 2016 kampuni iliyoitwa Kik ilidai jina la kifurushi cha mtengenezaji mmoja kwenye npm, ghala la mtandaoni la vipande vya msimbo ambavyo programu nyingine huvitumia. Alikataa, npm ikawapa kampuni jina. Kwa hasira akaondoa vifurushi vyake vyote, kimojawapo cha mistari 11 tu kiitwacho left-pad, na programu nyingi duniani zikashindwa kujengwa siku hiyo. Someni kanuni za majina za GitHub na Google Play sasa, kabla kampuni haijalalamika huko moja kwa moja.

Njia zenu naziona tatu, na hazilingani. Kupigana hadi usajili ufutwe kunawezekana, na kama Dema ingekuwa ndilo tegemeo lenu la riziki, lenye maelfu ya watumiaji wanaolijua kwa jina, ningesema tulifikirie. Kwa mliyonieleza, siwashauri. Mtatumia fedha na miaka kulinda neno, na katika miaka hiyo hakuna atakayerekebisha kasoro za programu. Njia ya pili ni mkataba wa kuishi pamoja: wao wabaki kwenye mauzo ya maduka na vyumba vya baridi, ninyi kwenye kumbukumbu za mwaloni, nembo zitofautiane, na kila mmoja aandike kwamba hana uhusiano na mwenzake. Kutangulia kwenu kunawapa sauti ya kuomba hilo. Lakini programu huria ina mtego hapa ambao wakili wa kampuni asiyezoea mambo haya hataujua, na wako huenda naye asiujue. Mkataba wa kawaida utawataka mhakikishe kwamba hakuna nakala ya programu itakayotumia jina nje ya mipaka. Hamwezi kuhakikisha hilo. Leseni yenu imeshawaruhusu watu wote kunakili, na hamna mamlaka juu ya mtu wa Mombasa wala wa Lamu. Ahidini mtakayofanya ninyi tu. Wakishikilia neno "kuhakikisha", ondokeni mezani.

Njia ya tatu ni kubadilisha jina, na hapa ndipo naegemea: ombeni mkataba wa kuishi pamoja, huku mkijiandaa kubadilisha jina kwa ratiba yenu wenyewe badala ya ratiba yao. Najua linauma. Waliopita njia hii wamefika mbali, lakini. Mwaka 2005 waliotengeneza Mambo, mfumo huria wa kuendeshea tovuti, waligombana na kampuni iliyoshika jina, wakaondoka na msimbo, na wakauita Joomla, kutokana na neno letu jumla. Mwaka 2006 mwanzilishi wa Ethereal, programu ya kuchunguza mitandao ya kompyuta, alibadili ajira na alama ikabaki na mwajiri wake wa zamani; akaanza upya kwa jina la Wireshark, na leo fundi wa mitandao kijana hajawahi kulisikia lile la zamani. Januari 2011 wachangiaji wa Hudson, chombo huria cha watengenezaji wa programu kilichoanzia kampuni ya Sun, walipiga kura kuhamia jina la Jenkins baada ya Oracle, iliyoinunua Sun, kudai jina. Watengenezaji wakahama, watumiaji wakawafuata. Walichobeba wote ni imani ya watu wao. Ninyi mnayo, kwa sababu mmekaa nao mwaloni alfajiri mkiwafundisha.

Kuongeza "Huria" mbele, hata hivyo, si kubadilisha jina. Sikio la mnunuzi bado linasikia Dema. Badilisheni neno lenyewe, na mlichunguze lile jipya kabla hamjalipenda. Firefox ilianza kama Phoenix. Mwaka 2003 wakahamia Firebird kwa sababu ya madai ya alama, wakakuta kuna hifadhidata huria yenye jina hilo, wakabadilisha tena Februari 2004. Tafuteni BRELA, BPRA ya Zanzibar, ofisi ya miliki bunifu ya Kenya, hifadhidata ya alama ya WIPO (shirika la dunia la miliki bunifu), Google Play, GitHub, na majina ya tovuti. Tafuteni kwa matamshi pia, kwa sababu Kiswahili huandikwa kwa namna nyingi na wasiokijua. Kisha sajilini jina jipya kama alama, daraja la 9 na 42, kabla ya kulitangaza kwa kishindo. Na kubalianeni wanne ninyi, kwa maandishi, nani analishika. Likiwa kwa jina la mmoja, siku akihama au akifariki mtarudi kwenye hadithi ya Wireshark. Kampuni ndogo isiyo na hisa au taasisi iliyosajiliwa ingekuwa salama zaidi kuliko jina la biashara.

Upande wa ufundi ni mwepesi kuliko mnavyodhani. GitHub huelekeza viungo vya zamani kwenye jina jipya la hifadhi. Google Play hairuhusu kubadili kitambulisho cha ndani cha programu iliyokwisha kuchapishwa, ila jina linaloonekana na nembo vinabadilika. Kwa hiyo makatibu hawatalazimika kusakinisha upya wala kupoteza kumbukumbu zao za samaki. Kama neno la zamani limo ndani ya kitambulisho hicho, liandikeni wazi kwenye mkataba kwamba litabaki, kwani halionekani na mtumiaji. Na mnaruhusiwa kusema ukweli: "zamani ikiitwa Dema" kwa kipindi cha mpito ni maelezo, na kampuni yenye busara itakubali. Pelekeni habari kwa mdomo pia. Katibu wa Kipumbwi hatasoma tangazo la GitHub. Atamsikiliza mtu aliyekuja kumwonyesha kwamba vitabu vyake vyote vimo.

Kijana wa Mombasa hajavunja leseni yenu kwa kuchukua msimbo, alimradi ameacha tamko la hakimiliki mahali pake. Usajili wa Tanzania haumfikii akiwa Kenya, ila huenda kampuni ile ina usajili huko au inaupanga. Mwandikieni leo, kwa upole, mumweleze mgogoro uliopo. Mkishapata jina jipya, wekeni ukurasa mfupi wa kanuni: yeyote yuko huru kusema programu yake "inatokana na" yenu, lakini akirekebisha na kusambaza aipe jina lake. Msione haya kuandika hivyo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo huria wa Linux, alilazimika kupigania neno Linux lenyewe baada ya mtu mwingine kulisajili Marekani miaka ya 1990, na tangu mwaka 1997 alipokabidhiwa alama hiyo inasimamiwa kwa kanuni, huku msimbo ukiwa huru kama kawaida.

Haya yote ni maelezo ya jumla, na mimi sijaiona barua wala cheti chao. Jibu la kwanza mnaweza kuliandika wenyewe. Kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, mkutane ana kwa ana na wakili anayefanya kazi za alama za biashara. Mpelekeeni ushahidi ukiwa umepangwa kwa tarehe, na mwambieni mapema kuhusu leseni ya MIT na wachangiaji wenu, kwa sababu hatauliza. Kama uwezo ni mdogo, ulizeni Chama cha Mawakili wa Tanganyika na watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Lakini mkiletewa hati ya mahakama, mambo yanabadilika: muda wa kuwasilisha utetezi wa maandishi ni siku 21 tangu mlipoipokea, na huo ni wa sheria. Siku hiyohiyo, kabla ya swala ya alasiri, muwe ofisini kwa wakili.